Kifurushi cha Debian kwa mkono: tuifungashe programu ya kutaja saa

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza kompyuta za maabara ya shule moja: mashine 14, zote za Debian, mmojawapo wa mifumo ya Linux. Wanafunzi walikuwa wakitazama kona ya skrini wanaona 08:15, ilhali mwalimu kasema kipindi kinaanza saa mbili na robo. Nikaandika skripti fupi ya kutaja saa kama tunavyoitaja sisi, nikaitia kwenye fleshi, nikapita mashine moja baada ya nyingine nikiinakili ndani ya /usr/bin. Mchana ule ilifanya kazi vizuri. Kesho yake saa mbili asubuhi ikagoma kila mahali, na ilipofika saa nne ikafanya kazi tena bila mtu kuigusa.

Kosa nililipata siku hiyohiyo, na nitalieleza hapa chini. Nikapita tena na fleshi. Lakini mashine mbili zilikuwa kwa fundi, na tatu zilikuwa zimefungiwa chumba cha mtihani. Wiki mbili baadaye sikuwa na njia ya kujua ipi bado ina skripti ya zamani, ila kufungua moja moja na kusoma.

Shida ile ndiyo iliyonifundisha kufungasha. Kifurushi cha .deb kinaipa kompyuta kazi ya kukumbuka: faili hili limeletwa na nani, ni la toleo gani, linategemea nini, na siku ya kuliondoa kinaondoka nini na kinabaki nini. Ziko zana kubwa zinazokufungashia kila kitu, lakini nakushauri kifurushi cha kwanza ukifunge kwa mkono. Ukishakiona kikiwa wazi, zile zana hazitakutisha tena.

Unachohitaji ni Debian au Ubuntu na terminali. Amri ya kufungashia, dpkg-deb, imo tayari kwenye mfumo. Ongeza mbili za kukagulia:

    sudo apt install lintian binutils

Tuanze na programu yenyewe

Fanya kazi ndani ya folda yako ya nyumbani. Usifanyie kwenye fleshi: fleshi nyingi ziko kwenye mpangilio wa FAT, usiohifadhi ruhusa za mafaili kama Linux inavyotaka, na hilo litakukwamisha baadaye.

    umask 022
    mkdir -p ~/kazi/saa-ngapi_1.0_all
    cd ~/kazi/saa-ngapi_1.0_all
    mkdir -p DEBIAN usr/bin etc usr/share/doc/saa-ngapi

Tazama kilichofanyika. Folda hii ni mfano mdogo wa diski nzima. Faili litakalowekwa usr/bin humu ndani litaangukia /usr/bin kwenye kompyuta itakayopokea kifurushi, na la etc litaangukia /etc. Folda moja tu haisafiri hivyo, nayo ni DEBIAN, kwa herufi kubwa. Hiyo hubeba maelezo ya kifurushi, na msimamizi wa vifurushi, aitwaye dpkg, ndiye anayeyasoma.

Usiweke kitu usr/local wala home. Kanuni za Debian zimeiacha /usr/local iwe mali ya mwenye mashine, na /home ni ya watumiaji. Kifurushi hakina ruhusa ya kuingia chumba cha mtu.

Sasa andika faili usr/bin/saa-ngapi:

    #!/bin/sh
    set -e

    SALAMU="Sasa ni"
    if [ -r /etc/saa-ngapi.conf ]; then
        . /etc/saa-ngapi.conf
    fi

    set -- $(date '+%-H %-M')
    h=$1
    m=$2
    s=$(( (h + 5) % 12 + 1 ))

    case "$h" in
        4|5) wakati=alfajiri ;;
        6|7|8|9|10|11) wakati=asubuhi ;;
        12|13|14|15) wakati=mchana ;;
        16|17|18) wakati=jioni ;;
        *) wakati=usiku ;;
    esac

    case "$m" in
        0) dakika="kamili" ;;
        15) dakika="na robo" ;;
        30) dakika="na nusu" ;;
        *) dakika="na dakika $m" ;;
    esac

    echo "$SALAMU saa $s $dakika $wakati"

Kosa langu la siku ile lilikuwa kwenye kistari kimoja. Badala ya %-H niliandika %H. Bila kistari, date inatoa saa kwa tarakimu mbili: 07, 08, 09. Shell, yaani programu inayosoma na kuendesha amri zetu, inapoona namba inayoanza na sifuri huihesabu kwa msingi wa nane, na katika msingi wa nane tarakimu 8 na 9 hazipo. Kwa hiyo 07 inapita, 08 na 09 zinaangusha hesabu, na 10 inapita. Ndiyo maana skripti ilikufa saa mbili na saa tatu asubuhi tu, saa zilezile ambazo maabara imejaa watoto. Dakika ya 8 na ya 9 nazo zingeleta balaa kama ningezitia kwenye hesabu. Kistari kinaondoa ile sifuri ya mbele.

Tena angalia kwamba date inaitwa mara moja tu na kutoa saa na dakika kwa pamoja. Ukiiita mara mbili, ipo siku moja itajibu kabla ya saa kugeuka na nyingine baada yake, nawe utaambiwa saa 2 kamili wakati ni saa 3 kamili.

Andika na faili dogo la mipangilio, etc/saa-ngapi.conf, lenye mstari huu mmoja:

    SALAMU="Sasa ni"

Kisha weka ruhusa:

    chmod 755 usr/bin/saa-ngapi
    chmod 644 etc/saa-ngapi.conf

Faili la control

Hiki ndicho cheti cha kuzaliwa cha kifurushi. Kiandike DEBIAN/control hivi:

    Package: saa-ngapi
    Version: 1.0
    Section: utils
    Priority: optional
    Architecture: all
    Depends: tzdata
    Maintainer: Jina Lako <jina@example.org>
    Description: hutaja saa kwa hesabu ya Kiswahili
     Programu ndogo ya terminali inayosoma saa ya kompyuta
     na kuitaja kama wasemaji wa Kiswahili wanavyoitaja.
     .
     Maneno ya mwanzo hubadilishwa kwenye /etc/saa-ngapi.conf.

Jina la kifurushi ni herufi ndogo, tarakimu, na alama za +, - na nukta. Lianze kwa herufi au tarakimu, lisipungue herufi mbili. Alama ya _ hairuhusiwi, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha jina, toleo na aina ya mashine kwenye jina la faili.

Architecture ni all kwa sababu skripti haichagui kichakato. Programu ya C iliyokusanywa, yaani iliyogeuzwa kuwa lugha ya mashine, ingeandikwa amd64 kwa kompyuta nyingi za mezani, au arm64 kwa bodi kama Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 64. Ukiandika all kwenye kitu kilichokusanywa kwa amd64, kitakubali kusakinishwa kwenye Raspberry Pi, kisha kitagoma kufanya kazi, na mtumiaji hatajua kwa nini.

Depends nataka tukae nayo kidogo. Skripti inatumia sh na date, lakini hazikuorodheshwa. Vifurushi vinavyozileta ni vya lazima kwenye kila Debian, na desturi ni kutovitaja. tzdata si wa kundi hilo, na unaweza kukutana na mfumo uliopunguzwa sana usio nao. Bila mafaili yake date haijui majira ya Afrika Mashariki, inarudi kwenye UTC, na programu yetu itataja saa iliyo nyuma kwa saa tatu nzima bila kulalamika. Utegemezi wa namna hii ndio unaostahili kuandikwa. Usiorodheshe kila kinachokujia kichwani, maana kila jina unaloongeza ni mzigo kwa mtu anayepakua kwa bando.

Mstari wa kwanza wa Description uwe mfupi, chini ya herufi 80. Mistari inayofuata lazima ianze kwa nafasi moja, na palipo na mstari mtupu weka nafasi na nukta, kama hapo juu. Ukiacha mstari mtupu kabisa, dpkg itadhani maelezo yameisha. Na ukimaliza mstari wa mwisho, bonyeza Enter kabla ya kuhifadhi. Faili la control lisiloishia kwa mstari mpya limewasumbua watu wengi.

Mafaili yanayoandamana nalo

Programu yetu ina faili ndani ya /etc, na mwenye mashine ana haki ya kulibadilisha. Mwalimu mmoja pale shuleni aliandika "Wanangu, sasa ni", na asingefurahi kama toleo jipya lingemfutia maneno yake. Mwambie dpkg kwamba faili hilo ni la mipangilio:

    echo /etc/saa-ngapi.conf > DEBIAN/conffiles

Njia iandikwe nzima, ikianza na /. Kuanzia hapo dpkg inafanya hivi: kama mtu hakuligusa faili, linabadilishwa kimyakimya; kama mtu kaligusa na toleo jipya halikulibadilisha, lake linabaki; kama pande zote mbili zimebadilisha, dpkg inasimama na kumuuliza.

Andika pia haki za programu. Faili ni usr/share/doc/saa-ngapi/copyright, na humo utaje nani kaandika, mwaka gani, na leseni gani. Wengi huliruka hili kwa kuwa programu ni ndogo. Nakusihi usiliruke. Programu isiyo na leseni haimpi mtu mwingine ruhusa ya kuigawa wala kuirekebisha, hata kama wewe moyoni umekusudia iwe ya wote.

Mwisho, alama za kukagulia mafaili:

    find usr -type f -exec md5sum {} + > DEBIAN/md5sums

Amri hii iendeshwe baada ya mabadiliko yote kwisha. Ukigusa skripti tena, iendeshe upya.

Kufunga

    cd ..
    dpkg-deb --root-owner-group --build saa-ngapi_1.0_all

Utapata faili saa-ngapi_1.0_all.deb pembeni ya folda.

Usiliache lile neno --root-owner-group. Mafaili yote uliyoandika ni mali yako, na kwenye kompyuta ya kawaida mtumiaji wa kwanza ana namba 1000. Bila neno hilo, namba 1000 inaingia ndani ya kifurushi na kusafiri nacho. Kwenye mashine ya maabara, namba 1000 inaweza kuwa akaunti ya mwanafunzi. Atakuwa mmiliki halali wa /usr/bin/saa-ngapi, atakuwa na uwezo wa kuandika chochote humo, na siku msimamizi atakapoita amri hiyo kama root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, yaliyoandikwa na mwanafunzi yataendeshwa kwa mamlaka ya root. Neno moja linaziba tundu lote hilo, kwa kuyaandika mafaili yote kuwa ya root. Zamani kazi hii ilifanywa kwa zana iitwayo fakeroot, na utaiona bado kwenye maelekezo mengi.

Makosa mawili hutokea sana hapa. La kwanza ni hili:

    control directory has bad permissions 777 (must be >=0755 and <=0775)

Maana yake folda ya DEBIAN ina ruhusa zisizokubalika. Ukilipata ukiwa kwenye fleshi, au ndani ya diski ya Windows kupitia WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), chmod huenda isisaidie. Hamishia kazi yote kwenye folda ya nyumbani. Ukiona 700, umask yako, yaani mpango wa ruhusa za mafaili mapya, ilikuwa kali, na dawa ni chmod 755 DEBIAN.

La pili halijionyeshi hadi ubadilishe mashine. Ubuntu tangu toleo la 21.10 inabana vifurushi kwa zstd, na Debian 11 haisomi mbano huo. Kama unafungia kwenye Ubuntu na unapeleka kwenye Debian ya zamani, ongeza -Zxz kabla ya --build.

Kukagua kabla ya kumpa mtu

    dpkg-deb --info saa-ngapi_1.0_all.deb
    dpkg-deb --contents saa-ngapi_1.0_all.deb

Kwenye amri ya pili angalia safu ya mmiliki: kila mstari usomeke root/root. Angalia pia kama kuna mafaili yaliyojipenyeza, kama yale ya akiba ambayo vihariri huacha na kumalizia kwa alama ya ~.

Ukitaka kuona kifurushi ni kitu gani hasa, jaribu hii:

    ar t saa-ngapi_1.0_all.deb

Itataja vitu vitatu: debian-binary, control.tar.xz na data.tar.xz (ukifungia kwa zstd kwenye Ubuntu, viwili vya mwisho vitaishia .zst). Basi, hakuna siri zaidi. Cha kwanza ni faili la maandishi lenye 2.0, namba ya mpangilio wa kifurushi. Cha pili ni ile folda yako ya DEBIAN. Cha tatu ni mafaili yenyewe. Kifurushi kikubwa cha LibreOffice na hiki chetu vimejengwa kwa vipande hivihivi vitatu.

Kisha mwite mkaguzi:

    lintian saa-ngapi_1.0_all.deb

Lintian ni mkali, na atalalamika kwamba amri haina ukurasa wa mwongozo na kwamba hakuna kumbukumbu ya mabadiliko. Mistari inayoanza na E ishughulikie yote. Ile ya W isome na uamue. Kwa kifurushi cha maabara yako unaweza kuishi bila ukurasa wa mwongozo. Ukikusudia kukitoa nje, uandike.

Kusakinisha na kuondoa

    sudo apt install ./saa-ngapi_1.0_all.deb
    saa-ngapi

Ile ./ ya mbele ni ya lazima, la sivyo apt itatafuta kifurushi chenye jina hilo kwenye hazina zake za mtandaoni. Natumia apt badala ya dpkg -i kwa sababu apt itavuta tzdata kama haupo, ilhali dpkg itakuachia kifurushi kikiwa nusu. Apt ikikuambia kwamba mtumiaji _apt hakuweza kulifikia faili, usishtuke. Ni taarifa tu kwamba folda yako imefungwa kwa wengine.

Sasa iulize kompyuta:

    dpkg -L saa-ngapi
    dpkg -S /usr/bin/saa-ngapi
    dpkg -V saa-ngapi

Ya kwanza inaorodhesha kila faili lililoletwa na kifurushi. Ya pili inakwenda kinyume: inaanza na faili na kutaja kifurushi chake. Ya tatu hunyamaza kama hakuna kilichoguswa. Kama mtu kachezea skripti, utaona mstari wenye ??5??????, na ile 5 inasema alama ya md5 hailingani tena na ile uliyoifunga.

Ukiondoa kwa apt remove, faili la /etc linabaki, na dpkg -l itaonyesha herufi rc pembeni ya jina. Ukitaka lifutike na mipangilio yake, tumia apt purge.

Toleo la pili

Programu itarekebishwa, hakuna namna. Nakili folda kwa jina jipya, badilisha Version, tengeneza md5sums upya, funga tena. Namba za matoleo zina kanuni mbili za kuzishika. Tarakimu zinalinganishwa kama namba, kwa hiyo 1.10 ni mpya kuliko 1.9. Na alama ya ~ inashusha: 1.1~jaribio1 ni ya chini kuliko 1.1, kwa hiyo unaweza kuijaribu kwenye mashine mbili, kisha 1.1 kamili ikaja juu yake. Ukiwa na shaka, uliza:

    dpkg --compare-versions 1.1~jaribio1 lt 1.1 && echo ndiyo

Utakuta maelekezo mengi yanayokuhimiza uweke skripti ya postinst ndani ya DEBIAN, ile inayoendeshwa baada ya kusakinisha. Inaendeshwa na root, kwenye mashine ya mtu mwingine, wewe hupo. Kifurushi chetu hakiihitaji, na vifurushi vingi vya namna hii haviihitaji. Ikibidi, ipe ruhusa ya 755, ianze na set -e, na iwe salama hata ikiendeshwa mara tatu mfululizo, kwa kuwa dpkg inaweza kuirudia.

Kwa programu ya C, au kwa kazi unayotaka ipokelewe na Debian yenyewe, njia hii ya mkono haitoshi. Huko utatumia folda ya debian yenye herufi ndogo, debhelper na dpkg-buildpackage, zana zinazojua kuchunguza maktaba ambazo programu inazitegemea.

Kwenye ile maabara mashine zinaitwa lab01 hadi lab14. Siku nilipopeleka toleo la 1.1 niliuliza zote kutoka kwenye kiti kimoja:

    for n in $(seq -w 1 14); do
        echo -n "lab$n: "
        ssh lab$n dpkg-query -W saa-ngapi
    done

Kumi na tatu zikajibu saa-ngapi 1.1. lab09 ikajibu 1.0: ilikuwa imezimwa wakati wa kusakinisha. Nikaenda kwenye hiyo moja.